Doa jeusi katikati ya picha

Moyo ulinienda mbio. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na duara la mwanga wa eksirei, na katikati ya duara hilo palikuwa na doa jeusi, safi, kama tundu la sindano kwenye karatasi nyeupe. Saa moja kabla nilikuwa nimepakua faili hiyo kutoka hifadhi ya data ya Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, hifadhi ambayo iko wazi kwa kila mtu, nikitaka kuuona kwa macho yangu mfumo wa nyota wenye shimo jeusi linalokula gesi. Nikaamini nimeliona shimo lenyewe. Sikugusa kitu kwa dakika nzima. Halafu nikamwandikia mwalimu wangu, mwanafizikia mstaafu aliyekubali kunielekeza kwa barua pepe: "Shikamoo Mwalimu. Nadhani naliona shimo."

Jibu lilikuja kabla sijalala. "Marahaba mwanangu. Kabla hujafurahi, nipe namba mbili: upana wa shimo na umbali wake."

Nikapiga hesabu. Nilichukua mfano wa Cygnus X-1, shimo jeusi lililopimwa vizuri kuliko mengi katika galaksi yetu, Njia Nyeupe. Tungamo lake ni kama mara 21 ya Jua, na shimo lisilozunguka huwa na nusukipenyo cha kilomita tatu kwa kila tungamo la Jua moja. Upana wake basi hauzidi kilomita 125 hivi. Umbali wake ni kama miaka nuru 7,200. Nikagawa, nikapata pembe ndogo mno hata nikarudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sufuri. Chandra ndiyo yenye macho makali kuliko darubini zote za eksirei zilizokwisha kurushwa, lakini ili ilione shimo hilo ingebidi macho yake yawe makali zaidi ya mara bilioni moja. Doa langu halikuwa shimo. Hata gesi iliyotanda kilomita milioni moja kulizunguka isingeonekana ila kama nukta.

Nilichokuwa nakitazama ni chombo kilichozidiwa. Kigunduzi cha Chandra hufanya kazi kama kamera inayopiga picha mfululizo, kila picha ikichukua kwa kawaida sekunde 3.2. Fotoni ya eksirei, yaani chembe moja ya mwanga huo, ikigonga silikoni hung'oa elektroni, na wingi wa elektroni hizo ndio unaoonyesha fotoni ilikuwa na nishati kiasi gani. Hesabu hiyo inategemea sharti moja: katika kila picha, mahali pamoja paguswe na fotoni moja tu, au pasiguswe kabisa. Zikigonga mbili kwa pamoja, chombo huzijumlisha na kuandika fotoni moja yenye nishati ya zote mbili. Zikiwa nyingi zaidi, jumla inavuka kikomo, na programu iliyomo ndani ya satelaiti inaamua kwamba huu si mwanga bali ni chembe ya kosmiki iliyopita ikagonga, kwa hiyo inaitupa. Pale ambapo mwanga ulikuwa mkali kuliko kote ndipo faili yangu ilipobaki tupu.

Dawa yake nilifundishwa siku iliyofuata. Unakikata kiini cha picha, unakitupa, na kutumia pete ya nje ambako fotoni ni chache na kila moja imehesabiwa peke yake. Iliniuma kutupa sehemu kubwa ya data yangu. Lakini mkia mrefu wa nishati ya juu niliokuwa nimeuona kwenye spektra, yaani mchoro wa wingi wa fotoni kwa kila nishati, ambao nilikuwa tayari nimeuandikia aya mbili za maelezo ya fizikia, ulitoweka papo hapo. Zile zilikuwa fotoni mbilimbili zilizoandikwa kama moja.

Tangu siku hiyo nina tabia ambayo haijaniacha: kabla sijaiamini fotoni, naiuliza imepita wapi. Karibu kila nilichojifunza kuhusu gesi inayoanguka kwenye mashimo meusi nimekijifunza kwa kuirudisha fotoni nyuma kwenye njia yake, hatua kwa hatua, kutoka kwenye kompyuta yangu hadi kule ilikozaliwa. Na karibu kila hatua nilikosea kwanza.

Hatua ya mwisho ya njia hiyo ni hewa yetu, na hapo fotoni ya eksirei hufia. Angahewa inaimeza yote kabla haijafika ardhini, na ndiyo maana elimu hii ilichelewa kuanza. Wilhelm Röntgen aliitambua eksirei mwaka 1895, lakini ilibidi kungoja hadi Juni 1962 ndipo Riccardo Giacconi na wenzake waliporusha roketi ndogo kutoka White Sands, Marekani, wakitafuta eksirei kutoka Mwezini. Roketi ilikuwa juu ya hewa nzito kwa dakika zisizofika sita. Walichokutana nacho ni chanzo kikali mno upande wa kundinyota la Nge, ambacho baadaye kilijulikana kuwa ni nyota ya nyutroni, kiini kilichosinyaa cha nyota iliyokufa, inayopokea gesi kutoka kwa mwenzake. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kisha ikaja satelaiti ambayo jina lake kila msomaji wa Kiswahili analielewa bila kufasiriwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Italia, lililosimama baharini karibu na Malindi. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend wa NASA, aliipa jina Uhuru. Kila ninapoona orodha za vyanzo vya eksirei zenye herufi 4U, najua kwamba U hiyo ni neno letu. Orodha hiyo ya nne ilikuwa na vyanzo 339.

Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba mwanga wa Cygnus X-1, ulioko kwenye kundinyota la Dajaja, unatetemeka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Hilo peke yake linasema mengi. Kitu hakiwezi kung'aa na kufifia chote kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baadaye vyombo vingine vilishuka hadi mabadiliko ya elfu moja ya sekunde, na katika muda huo mwanga husafiri kilomita 300 tu. Chanzo kinachong'aa kwa eksirei peke yake maelfu ya mara kuliko mwanga wote wa Jua kimekaa kwenye eneo ambalo gari lingelivuka kwa saa chache. Mara ya kwanza kulielewa hilo niliiacha kalamu mezani, nikatoka nje kutembea.

Sasa kosa la pili. Hili lilinichukua wiki nzima.

Nilikuwa nimehamia kwenye data ya satelaiti nyingine, RXTE, iliyofanya kazi kuanzia mwisho wa mwaka 1995 hadi mwanzoni mwa 2012. Haikuwa ikipiga picha, ilihesabu fotoni na kuandika muda wa kila moja kwa usahihi mkubwa. Nilichukua siku kadhaa za Cygnus X-1, nikazipitisha kwenye hesabu inayotafuta mapigo yanayojirudia, na hapo ukasimama mnara mmoja mrefu, mwembamba, kwenye dakika 96. Nilitafuta kwenye makala za kitaalamu kama kuna aliyewahi kuripoti mapigo hayo. Sikumkuta. Nikaanza kuunda nadharia: labda sahani ya gesi inayolizunguka shimo inayumba kama pia iliyochoka, labda kuna donge la gesi linalozunguka. Nikamtumia Mwalimu mchoro.

"Mchoro mzuri, mwanangu. Chombo chenyewe kinaizunguka Dunia kwa dakika ngapi?"

Sikuhitaji kutafuta. Kila baada ya mzunguko, Dunia ilikuwa inaingia kati ya satelaiti na nyota, data inakatika, kisha inaanza tena. Mapigo yangu yalikuwa ya Dunia yetu. Uchungu wa wiki hiyo ulinifundisha kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya uchambuzi wowote, namba tatu za chombo: kinazunguka kwa muda gani, kinapiga picha moja kwa muda gani, na kinaanza kuzidiwa kwenye fotoni ngapi kwa sekunde. Hadi leo hakuna faili ninayoifungua kabla namba hizo hazijaandikwa.

Nilipotoka kwenye chombo na kuingia angani, nilidhani sasa nimefika kwenye sahani ya gesi. Bado. Nilikuta vipindi ambavyo mwanga wa Cygnus X-1 unazama ghafla kwa sekunde au dakika, hasa ule wa nishati ya chini, kisha unarudi. Nikaandika kwa ujasiri kwamba sahani inakatika ndani na kujengeka upya. Nilikuwa nimemsahau jirani. Shimo hili halikai peke yake: linazungukana na nyota kubwa ya buluu iitwayo HDE 226868, mzunguko mmoja kwa siku 5.6, na ni mwendo wa nyota hiyo ndio uliowafanya wanaastronomia mwaka 1971 na 1972 waanze kuamini kwamba mwenzake asiyeonekana ni mzito kupita kiasi cha nyota ya nyutroni. Nyota kubwa za aina hiyo hupuliza upepo mzito, na upepo huo si laini, una madonge. Sehemu yake ndiyo chakula cha shimo. Nyota inapokaa kati yetu na shimo, madonge hayo hupita mbele ya eksirei na kuzimeza, zile dhaifu kwanza. Nilipopanga mizamo yangu yote kwa kufuata ile saa ya siku 5.6, ilirundikana palepale ambapo nyota iko upande wetu. Sahani haikuwa imefanya lolote.

Kosa hili, tofauti na yale mawili, sikulijutia sana. Nilikuwa nimekosea kuhusu sahani lakini nikapata kuuona upepo wa nyota kwa kivuli chake.

Nikafika kwenye sahani yenyewe, na hapa ilibidi nifute neno moja kichwani. Watu husema shimo jeusi linafyonza, nami nilisema hivyo kwa miaka. Neno hilo linaficha fizikia yote. Gesi ikianguka moja kwa moja bila kugongana na kitu, ingepotelea ndani karibu bila kutoa mwanga. Tunaiona kwa sababu inashindwa kuanguka. Inafika ikiwa tayari na mzunguko wake, na mzunguko hauishi wenyewe. Ili ishuke hatua moja, lazima imwachie jirani wa nje sehemu ya mzunguko huo. Kwa hiyo inajipanga kuwa sahani, na kila pete ya sahani inazunguka haraka kuliko ile iliyo nje yake.

Ni nini kinachoipokonya gesi mzunguko wake? Msuguano wa kawaida wa gesi hautoshi hata kidogo. Mwaka 1973 Nikolai Shakura na Rashid Sunyaev waliandika nadharia ya sahani ambayo bado tunaitumia, nao wakaiwekea nguvu hiyo ya kusugua herufi moja ya Kigiriki, alfa, bila kudai kwamba wanajua inatoka wapi. Uadilifu wa namna hiyo naupenda. Mwaka 1991 Steven Balbus na John Hawley wakaonyesha kwamba hata uga sumaku dhaifu unatosha. Mistari ya sumaku inafanya kazi kama mpira uliowafunga wakimbiaji wawili: wa ndani ana kasi, wa nje anachelewa, mpira unavutika, unamrudisha nyuma wa ndani na kumsukuma mbele wa nje. Wa ndani akipoteza mzunguko anashuka, hivyo anakimbia zaidi, na mpira unavutika zaidi. Gesi yote inavurugika, inachemka, inang'aa.

Na inang'aa kweli. Kuungana kwa hidrojeni ndani ya nyota kunageuza asilimia 0.7 ya tungamo kuwa nishati. Gesi inayoshuka kwenye shimo lisilozunguka inatoa karibu asilimia 6 kabla haijafika mahali ambapo hakuna tena mzunguko salama; shimo likizunguka kwa kasi ya juu kabisa, kiasi hicho kinaweza kupanda hadi asilimia 42. Sijui njia nyingine ya kudumu katika maumbile, ukiacha maada kukutana na kinyume chake, inayoitoa nishati kutoka kwenye maada kwa ukarimu kama huu.

Nilitarajia kwamba kadiri shimo lilivyo kubwa ndivyo sahani yake ilivyo moto zaidi. Ni kinyume. Shimo la tungamo la Majua kumi lina sahani yenye joto la nyuzi milioni kadhaa, inayotoa eksirei yenyewe. Shimo la tungamo la Majua milioni mia lina ukingo mpana, mvutano ukingoni ni mpole zaidi, na sahani yake ni ya nyuzi laki moja hivi; inang'aa kwa urujuanimno. Nilipoligundua hilo nilibaki na swali: mbona basi makwasari, yaani viini ving'avu vya galaksi za mbali, ambayo mashimo yake ndiyo makubwa kuliko yote, yanatoa eksirei nyingi? Na mbona hata Cygnus X-1 inatoa fotoni zenye nishati ya kiloelektronivolti 100 (kipimo cha nishati ya fotoni), ambazo sahani ya nyuzi milioni kadhaa haiwezi kuzizaa?

Jibu ni korona. Juu na kando ya sahani, karibu kabisa na shimo, kuna wingu jepesi la elektroni zenye joto la nyuzi milioni mia kadhaa hadi bilioni moja. Fotoni hafifu ya sahani inaingia humo, inagongana na elektroni, inapata nishati, inagongana tena. Inaingia maskini inatoka tajiri. Zinazogongwa mara moja ni nyingi, za mara mbili chache zaidi, za mara kumi chache mno, na mpangilio huo ukichorwa kwa skeli ya logi unatoa mstari ulionyooka unaoteremka hadi pale ambapo elektroni nazo hazina zaidi ya kutoa. Siku niliyouona mstari huo ukitokea kwenye data niliyoisafisha mwenyewe, kiini kimekatwa, mizunguko ya Dunia imeondolewa, vivuli vya upepo vimewekwa kando, nilijua kwamba hatimaye naangalia kitu kilichotokea kilomita mia chache kutoka kwenye shimo jeusi.

Baadhi ya fotoni za korona haziji kwetu moja kwa moja. Zinarudi chini, zinaipiga sahani, na atomi za chuma zilizomo zinajibu kwa mwanga wa kiloelektronivolti 6.4. Maabara ikiupima mwanga huo, unakuwa mstari mwembamba. Kwenye sahani unakuwa kilima chenye mteremko mrefu upande wa nishati ya chini, kwa sababu gesi inakimbia kwa sehemu kubwa ya kasi ya mwanga na kwa sababu kila fotoni inalipa kodi ya nishati ili ipande kutoka kwenye shimo la mvutano. Satelaiti ya Japani, ASCA, ndiyo iliyouonyesha umbo hilo waziwazi mwaka 1995 kwenye galaksi MCG-6-30-15. Kadiri mteremko unavyoenda mbali chini, ndivyo gesi ilivyo karibu na ukingo.

Mwaka 2018 nilipata bahati ya kufuatilia kitu hiki chote kikitendeka. Mwezi Machi shimo jeusi lililokuwa kimya, MAXI J1820+070, liliamka ghafla, na nilikuwa nafungua kila asubuhi jedwali la MAXI, chombo cha Japani kilichoko kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Kwa miezi mwanga ulikuwa mgumu, wa korona. Mwezi Julai, ndani ya siku chache, sahani ikashika usukani na mwanga ukalainika. Wakati huohuo madonge ya chembe yalirushwa pande mbili, na darubini ya redio ya MeerKAT huko Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa zilizoyafuata kwa miezi mingi. Kabla ya hapo, chombo cha NICER kilikuwa kimeusikiliza mwangwi: mmweko wa korona kwanza, halafu jibu la sahani, ukichelewa kwa sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde. Wiki hadi wiki uchelewaji ulikuwa unafupika, na watafiti wakasoma hapo kwamba korona inasinyaa.

Picha niliyokuwa nayo kichwani wakati huo ilikuwa ya korona kama taa iliyotundikwa juu ya shimo, kwenye mhimili. Nilikuwa nimeizoea mno. Kisha satelaiti ya IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, ikapima jambo ambalo fotoni hubeba na ambalo vyombo vyangu vyote havikuweza kuliona: uelekeo wa mtetemo wake. Mwanga wa Cygnus X-1 ulikuwa umepangika kwa asilimia 4, sambamba na mikondo ya chembe inayorushwa kutoka karibu na shimo. Taa ya mlingotini haitoi hivyo. Korona ya Cygnus X-1 imetandazwa kando, kwa ulalo wa sahani. Ilinibidi kufuta michoro ya miaka, na niliifuta siku hiyohiyo, maana nilishajua gharama ya kukumbatia mchoro kwa sababu tu ni wangu.

Kuna siku moja nyingine ambayo lazima niitaje. Tarehe 10 Aprili 2019 ilitolewa picha ya M87, galaksi iliyoko upande wa Mashuke, umbali wa miaka nuru milioni 55: pete ya mwanga, na doa jeusi katikati. Nilibaki kimya mbele ya kioo kama ule usiku wa kwanza. Hili lilikuwa doa la kweli, kivuli cha shimo la Majua bilioni 6.5, lililopatikana kwa mawimbi ya redio na darubini zilizotapakaa duniani kote zikafanywa kuwa kama moja. Lakini kilichonigusa zaidi nilikisoma usiku. Watafiti walijigawa makundi manne, kila moja likatengeneza picha yake bila kuzungumza na mengine, ili kuhakikisha kwamba pete haikuzaliwa na matarajio ya mtu. Waliiuliza picha yao swali lilelile aliloniuliza Mwalimu, nao wakalijibu kabla ya kushangilia.

Kutoka katikati ya M87 hiyohiyo unatoka mkondo ambao Heber Curtis aliuona mwaka 1918 kama mwale ulionyooka. Una urefu wa maelfu ya miaka nuru. Sehemu ya gesi iliyokuwa ishuke, pamoja na nishati ya sumaku na pengine mzunguko wa shimo lenyewe, inatupwa nje ikiwa chembe zinazokaribia kasi ya mwanga. Elektroni zake huonekana kwa redio, kwa macho na kwa eksirei, kwa kuwa zinapinda kwenye uga sumaku na kila kupinda kunazitoza mwanga. Protoni ni ngumu zaidi kuzinasa. Zina chaji, kwa hiyo kila uga sumaku uliopo njiani unazigeuza, na zikifika kwetu haziwezi kusema zimetoka wapi. Kwangu, niliyeijenga elimu yangu yote juu ya swali la njia, hicho kilikuwa kizuizi cha kuvunja moyo.

Nyutrino, chembe nyepesi mno ambayo karibu haigusi kitu, haina chaji. Protoni yenye nishati kubwa ikigongana na protoni nyingine au na fotoni, huzaa chembe za muda mfupi ambazo zikioza hutoa nyutrino na mionzi ya gamma. Kwenye Ncha ya Kusini, kilomita moja ya ujazo ya barafu imetiwa vigunduzi 5,160, kati ya kina cha mita 1,450 na 2,450, kungoja mmweko wa buluu wa nyutrino chache zinazogonga kitu. Tarehe 22 Septemba 2017 kituo hicho, kiitwacho IceCube, kilinasa nyutrino moja yenye nishati ya kama teraelektronivolti 290. Uelekeo wake ulikuwa karibu na bega la Jabari, na pale kulikuwa na galaksi TXS 0506+056 ambayo mkondo wake unatuelekea moja kwa moja, ikiwa katika kipindi cha kung'aa kwa gamma. Chembe moja, ikafanya darubini nyingi duniani na angani zigeuke.

Halafu Novemba 2022 watafiti wa IceCube wakatoa tokeo ambalo mimi nililihesabu kuwa kubwa zaidi, ingawa halikutangazwa kwa kelele kama lile. Walikuwa wamepitia data ya miaka tisa hivi, wakakuta ziada ya nyutrino 79 kutoka uelekeo wa galaksi NGC 1068, umbali wa miaka nuru milioni 47. Faili yangu ya RXTE, ile ya dakika 96, ilikuwa inapokea maelfu ya fotoni kwa sekunde. Ilifika 79 kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Na NGC 1068 haina mkondo unaotuelekea. Tena mionzi yake ya gamma ni hafifu mno, wakati nyutrino na gamma huzaliwa pamoja. Gamma ilikuwa imepotelea wapi?

Nililifuata swali hilo kama nilivyozoea, kurudi nyuma kwenye njia. Maelezo yanayokubalika zaidi yanairudisha korona: protoni zinachapuliwa humo, karibu kabisa na shimo, mahali ambapo eksirei zimesongamana kiasi kwamba fotoni ya gamma ikijaribu kutoka inagongana na eksirei, na zote mbili zinageuka kuwa elektroni na pozitroni. Eksirei ambazo miaka yote nilizifuata kama ujumbe, pale zilikuwa ukuta, na nyutrino zikapita katikati yao bila kuguswa.